Kutengeneza changamano la shaba na kulipima kwa bakteria: mwongozo kwa wanafunzi wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa mwisho, wa vyuo vya Tunguu au kwengine, ambaye kichwa cha mradi wake kimebeba mambo mawili: changamano la metali na uwezo wake wa kuua bakteria. Miradi ya aina hii ni mingi, na mingi huishia pahala pamoja: picha ya sahani ya petri yenye duara ambalo bakteria hawakuota, jadweli la milimita, na sentensi isemayo kuwa changamano limeishinda ligandi yake. Mtahini akiuliza, "Umejuaje kuwa ni changamano lililoua, na si shaba tupu iliyochomoka?" chumba kizima kinanyamaza. Hatua za hapa nimezipanga ili swali hilo uwe na jibu lake mapema.

Kwa ufupi, ioni ya metali ina nafasi za kupokea elektroni, na ligandi ni molekuli au ioni yenye jozi za elektroni za kutoa. Zikishikana kwa mpangilio maalumu, tunapata changamano. Alfred Werner ndiye aliyeueleza mpangilio huo mwaka 1893, na mwaka 1913 akapewa Nobeli kwa kazi hiyo. Mengine utayasoma kwenye vitabu. Hapa tunashika vyombo.

Hatua ya 1: Chagua ligandi inayoshika kweli

Mwanafunzi wa visiwani, hasa akitokea Pemba, huja na wazo la karafuu. Wazo si baya. Mafuta ya karafuu, yawe ya makonyo (vikonyo vya karafuu) au ya karafuu zenyewe, sehemu yake kubwa ni yujenoli, na malighafi haiko mbali: kiwanda cha makonyo kipo Wawi, Chake Chake. Yujenoli ina kundi la OH la fenoli, na kando yake kuna kundi la methoksi. Oksijeni za makundi hayo mawili zinaweza kuikamata ioni moja kwa pamoja, kama kaa anavyokamata kwa magando yake. Madaktari wa meno wanaitumia kemia hii kila siku. Wanapokoroga unga wa oksidi ya zinki na yujenoli ili kuziba jino kwa muda, uji ule unaganda kwa sababu inajijenga yujenoleti ya zinki: zinki moja kwa yujenoli mbili. Mmenyuko unataka maji kidogo ili uanze, ndiyo maana joto na unyevu vinaiharakisha saruji hiyo kuganda. Daktari wa meno wa Mji Mkongwe anakoroga kwa haraka kuliko mwenzake wa nchi ya baridi na ukavu.

Tatizo ni hili. Yujenoleti ya zinki ikikutana na maji huvunjika, yujenoli ikatoka, na yujenoli peke yake inaua bakteria. Kwa hiyo ukiiweka juu ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) na duara likatokea, hujui umepima nini. Fenoli yake ni asidi dhaifu sana (pKa, kipimo cha nguvu ya asidi, ni karibu 10), na oksijeni ya methoksi ni mshikaji mvivu. Kama roho yako ipo kwenye karafuu, ifanye kazi ya pili, ukishajua kupima kitu kilichotulia.

Kwa kazi ya kwanza nashauri ligandi ya zamani ambayo tabia zake zinajulikana: besi ya Schiff inayotokana na salisilaldehaidi mbili na ethilinidiamini moja. Hugo Schiff alieleza besi za aina hii mwaka 1864, na hii yetu wanakemia wanaiita saleni. Ina naitrojeni mbili na oksijeni mbili, zote zikielekea katikati. Metali ikiingia pale, inashikwa pande nne.

Metali chukua mbili: shaba na zinki. Shaba kwa sababu ina rangi, ina usumaku, na inashikwa kwa nguvu kuliko jirani zake. Ule mfuatano wa Irving na Williams uliousoma darasani unapanda kutoka manganizi, chuma, kobalti na nikeli hadi kilele chake kwenye shaba, kisha unashuka kwenye zinki. Zinki nayo utaitaka kwa sababu haina usumaku, kwa hiyo spektra ya NMR (kipimo kinachosoma viini vya atomu ndani ya sumaku) itasomeka. Na kuwa na mmoja anayeshika sana na mwengine anayeshika kiasi kutakusaidia mbele ya safari.

Hatua ya 2: Vifaa, na adui anayeitwa unyevu

Utahitaji salisilaldehaidi, ethilinidiamini, asetati ya shaba yenye molekuli moja ya maji, asetati ya zinki yenye molekuli mbili za maji, ethanoli, DMSO (dimethili salfoksaidi, kiyeyushi) na maji yaliyovukizwa. Maji ya bomba usiyaguse kwa kazi hii. Maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mwamba wa chokaa, yamejaa kalsiamu, na kalsiamu na magnesiamu hubadilisha majibu ya baadhi ya dawa juu ya agari, hasa jamii ya jentamaisini dhidi ya bakteria Pseudomonas.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kutumia mrututu wa duka la dawa za Kiswahili badala ya kuagiza chumvi ya maabara. Mrututu ni salfeti ya shaba, kweli, na wazee waliujua kwa vidonda kabla ya sisi kujua neno ioni. Lakini ule wa dukani umekaa wazi kwenye kopo, pembeni umeanza kupauka kwa kupoteza maji yake, na hujui ndani yake mna chuma kiasi gani. Usitumie kitu ambacho huwezi kukiandikia uzito wake kwa uhakika.

Wakati wa masika kila unga hunyonya maji. Weka desiketa (chombo cha kukaushia chenye kifuniko) yenye silika jeli, na ukiona vipande vya silika vimebadilika rangi, vikaushe kwenye oveni kabla hujaendelea. DMSO nayo hunyonya unyevu mara kifuniko kinapofunguliwa. Igawe kwenye vichupa vidogo. Usishtuke ukiitia frijini ukakuta imekuwa barafu, maana huganda kwenye nyuzi 18.5. Iache mezani itayeyuka yenyewe.

Ethilinidiamini fanyia kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. Mvuke wake unaunguza macho na unaweza kumuanzishia mtu pumu. DMSO inapenya ngozi na kubeba kilichoyeyuka ndani yake, kwa hiyo glavu si pambo.

Hatua ya 3: Tengeneza ligandi

Pima gramu 2.44 za salisilaldehaidi (moli 0.020, karibu mililita 2.1) na uitie kwenye chupa ya duara pamoja na mililita 25 za ethanoli. Pasha hadi iwe moto bila kuchemka. Kwenye bika nyengine changanya gramu 0.60 za ethilinidiamini (moli 0.010, karibu mililita 0.67) na mililita 10 za ethanoli.

Tia mchanganyiko huu wa pili tone kwa tone huku sumaku ikikoroga. Hapa tulia utazame. Tone la kwanza linageuza kimiminika kuwa manjano, na kabla hujamaliza utaona vigamba vya manjano ya kung'aa vikielea na kuzunguka. Baadhi ya wanafunzi wanadhani kazi imekwisha pale pale. Funga kondensa, chemsha kwa nusu saa, kisha poza chupa kwenye bakuli la barafu. Chuja, osha kwa ethanoli baridi kidogo, na vigamba hivyo viyeyushe upya kwenye ethanoli ya moto ili fuwele zitoke safi.

Mavuno kamili kwa hesabu ni gramu 2.68. Pima kiwango cha kuyeyuka: kiwe karibu na nyuzi 127, na kiyeyuke ndani ya nyuzi moja au mbili. Kikianza kwenye 115 na kusuasua, rudia kusafisha. Ligandi chafu haisafishiki ikishaingia kwenye changamano.

Hatua ya 4: Ingiza metali

Yeyusha gramu 1.34 za ligandi (moli 0.005) kwenye mililita 40 za ethanoli ya moto. Yeyusha gramu 1.00 ya asetati ya shaba (moli 0.005) kwenye mililita 15 za maji ya moto. Mimina shaba juu ya ligandi taratibu. Manjano inapotea, kijani kizito kinaingia, na mashapo yanaanza kutua. Chemsha kwa kondensa kwa nusu saa hadi saa moja, poza, chuja.

Kuosha ndiko kunakoharibiwa na haraka. Osha kwa maji kwanza ili asetati ya shaba iliyobaki iondoke, kisha kwa ethanoli ili ligandi iliyobaki iondoke. Endelea na maji mpaka yanayochuruzika yasigeuke buluu ukiyatilia matone ya amonia. Jaribio hili la amonia ni la dakika moja na ndilo litakalokulinda mbele ya mtahini: shaba huru ikiwa imebaki hata kidogo, itakuzalishia duara kwenye agari ambalo si la changamano lako. Kausha, kisha weka desiketa. Hesabu kamili ni gramu 1.65.

Kwa zinki fanya vivyo hivyo, ukitumia gramu 1.10 za asetati ya zinki. Unga utakaopata ni wa manjano hafifu, na mara nyingi zinki huwa imebeba molekuli ya maji kama mshikaji wa tano. Liandike hilo kwenye fomula kama vipimo vinakubali.

Hatua ya 5: Thibitisha muundo

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Vipimo vinne au vitano vikisema jambo moja, hapo una kesi.

Anza na kiasi cha metali. Changamano la shaba na saleni lina fomula C16H14CuN2O2, masi yake ni 329.8, na shaba ni asilimia 19.3. Choma kiasi kilichopimwa kwa asidi ya nitriki kisha ya salfyuriki mpaka mabaki ya kaboni yaishe, halafu pima shaba kwa mwako wa AAS (kipimo cha mwanga unaofyonzwa na atomu za metali) au kwa kutitrisha na EDTA, ligandi inayokamata metali. Ukipata 19 na kitu, vizuri. Ukipata 24, hujaosha. Kama una njia ya kupeleka sampuli kwenye kipimo cha elementi, tegemea kaboni 58.3, haidrojeni 4.3 na naitrojeni 8.5 kwa mia.

Infraredi inafuata. Kwenye ligandi tafuta mstari wa C=N karibu na 1635 cm⁻¹, na mkanda mpana wa OH ya fenoli, uliolala chini kwa sababu OH hiyo inavutana na naitrojeni ndani ya molekuli. Kwenye changamano mkanda mpana unatoweka, C=N inateremka kidogo, na C–O ya fenoli iliyokuwa karibu na 1280 inapanda. Mistari mipya kati ya 400 na 600 ni ya metali na oksijeni, na metali na naitrojeni. Hii ya mwisho nakuomba uiandike kwa unyenyekevu: eneo lile lina mistari mingi ya ligandi yenyewe, na watu wanabandika majina pale kwa kupenda kuliko kwa ushahidi.

Spektra ya mwanga unaoonekana na urujuanimno: ligandi hufyonza karibu na nanomita 255 na 316. Shaba ikiingia, mkanda mpya unatokea karibu na 365, na mkanda dhaifu wa elektroni za d unakaa pale 560 hadi 570. Huo dhaifu hutauona kwenye kuveti (kichupa cha kipimo) ile ile uliyotumia kwa mikanda mikali. Tengeneza myeyusho mzito zaidi.

Upitishaji umeme kwenye DMSO, kwa kiwango cha milimoli 1: changamano lisilo na chaji litapitisha kidogo sana. Likikupa tarakimu za 50 hadi 70 kwa vipimo vya kawaida vya moli, ujue una chumvi ya ioni mbili, labda asetati imebaki nje.

Usumaku wa shaba yenye elektroni moja pweke kwa hesabu ni magnetoni za Bohr 1.73, na vipimo halisi huwa juu kidogo ya hapo. Zinki isiwe na usumaku wowote, na kwenye NMR yake kilele cha OH kilichokuwa juu ya 13 ppm kwenye ligandi kiwe kimetoweka. Spektra ya NMR ya shaba usiiombe. Itatoka vilima vipana visivyosomeka, na umelipia bure.

Kama utapata fuwele nzuri na mtu wa kuzipiga miale ya X, shaba ya saleni ina jambo la kupendeza. Molekuli ni bapa, na ndani ya fuwele hujipanga jozi jozi: shaba ya mmoja inaegemea oksijeni ya mwenzake, umbali wa karibu angstromu 2.4. Kwenye DMSO usidhani jozi hizo zinabaki. Muundo ulioupiga picha kwenye fuwele si lazima uwe ndio unaomkabili bakteria.

Hatua ya 6: Angalia kama linabaki zima

Hatua hii karibu kila mradi unairuka, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Yeyusha changamano kwenye DMSO, chukua spektra. Iache saa 24 kwenye joto la nyuzi 35, chukua tena. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye mchanganyiko wa DMSO na mchuzi wa Mueller-Hinton utakaolishia bakteria. Mchuzi ule una kasini iliyovunjwavunjwa, yaani asidi amino tele, na asidi amino zinaipenda shaba. Mkanda wa 365 ukishuka na ule wa ligandi wa 316 ukarudi, changamano linavunjika na shaba inahamia kwenye chakula cha bakteria. Zinki utaiona inachoka mapema kuliko shaba, na hapa ndipo ule mfuatano wa Irving na Williams unaacha kuwa jambo la mtihani.

Kuvunjika si aibu. Krimu ya silva salfadiazini inayopakwa kwenye majeraha ya moto hospitalini inafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuachia ioni za fedha kidogo kidogo. Ila inabidi uandike hivyo: kwamba changamano ni ghala la kuachia metali. Ukiandika kuwa molekuli nzima imepenya ukuta wa bakteria wakati spektra yako inaonesha ilishavunjika, hapo ndipo unapovuliwa nguo.

Hatua ya 7: Hesabu kwa moli, na upange mashahidi

Ukilinganisha mikrogramu kwa mikrogramu unadhulumu. Mikrogramu 33 za changamano zina idadi ya molekuli sawa na mikrogramu karibu 27 za ligandi na mikrogramu 20 za asetati ya shaba. Kwa hiyo tengeneza myeyusho wa milimoli 10 wa kila kimoja: changamano miligramu 3.30 kwa mililita, ligandi 2.68, asetati ya shaba 2.00, asetati ya zinki 2.20. Changamano likigoma kuyeyuka, pasha kidogo. Likizidi kugoma, shusha vyote hadi milimoli 5. Usishushe kimoja tu.

Mashahidi wa lazima ni hawa: kiyeyushi peke yake, ligandi peke yake, chumvi ya metali peke yake, na mchanganyiko wa ligandi na chumvi uliokorogwa muda huo huo bila kutengenezwa changamano. Huyo wa mwisho hana anayemkumbuka. Akifanya kazi sawa na changamano lako, una habari kubwa, na si mbaya. Juu ya hao ongeza kidiski, yaani kikaratasi cha mviringo, chenye dawa inayojulikana.

Mwaka 1965 kule Marekani, Barnett Rosenberg na wenzake walipitisha umeme kwenye E. coli, na bakteria wakaacha kugawanyika, wakawa nyuzi ndefu. Ungedhani umeme ndio uliofanya hivyo. Walifuatilia mpaka wakakuta ni platinamu ya elektrodi iliyoyeyuka na kuunda changamano pamoja na amonia na kloridi zilizokuwemo. Hivyo ndivyo ilivyopatikana sisiplatini, dawa ya saratani. Wangeridhika na maelezo ya kwanza, dawa hiyo isingepatikana pale.

Hatua ya 8: Sahani za agari

Kabla ya yote, tafuta maabara yenye kabati la usalama wa kibiolojia na mtu wa mikrobiolojia wa kukusimamia. Ukiwa Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ipo Wawi tangu mwaka 2000. Andika barua mapema, usiende siku unayotaka kuanza. Tumia aina sanifu za bakteria: Staphylococcus aureus ATCC 25923 na Escherichia coli ATCC 25922. Bakteria waliotolewa kwa wagonjwa ni habari nyengine, wanataka kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya, na kwa mradi wa shahada ya kwanza hawana ulazima.

Agari iwe ya Mueller-Hinton, pH kati ya 7.2 na 7.4, iliyopikwa kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo) nyuzi 121 kwa dakika 15. Mimina mililita 25 hivi kwenye sahani ya milimita 90 ili unene uwe milimita 4. Meza yako ikiwa imeinama, upande mmoja utakuwa mnene na maduara yatatoka mayai. Tumia pima maji ya fundi seremala, ipo kila duka la vifaa.

Bakteria walinganishe na kiwango cha McFarland 0.5, yaani kipimo cha ukungu wa kimiminika. Kama huna kilichonunuliwa, changanya mililita 0.05 za kloridi ya bariamu ya asilimia 1.175 na mililita 9.95 za asidi ya salfyuriki ya asilimia 1. Ukungu huo mweupe unalingana na bakteria karibu milioni 150 kwa mililita. Chovya pamba, ikamue ukutani mwa neli, paka sahani nzima pande tatu ukiizungusha, na usizidishe dakika 15 tangu ulipotayarisha bakteria.

Vidiski vya milimita 6 vitie mikrolita 10 kila kimoja na uviache vikauke. Viweke mbali, milimita 24 au zaidi kutoka kitovu hadi kitovu. Geuza sahani juu chini, nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Umeme ukikatika usiku, usibahatishe. Tazama vidiski vya dawa. Jentamaisini ya mikrogramu 10 kwa E. coli 25922 inatakiwa itoe milimita 19 hadi 26, na siprofloksasini ya mikrogramu 5 itoe 29 hadi 38. Ikiwa nje ya hapo, sahani zote za siku hiyo ni za kutupa, hata kama changamano lako limetoa duara zuri.

Unaposoma, kumbuka kuwa milimita 6 ni kidiski chenyewe, yaani sifuri.

Hatua ya 9: MIC, kwa sababu duara linadanganya

Ukubwa wa duara unategemea nguvu ya kuua na pia mwendo wa kitu ndani ya agari. Asetati ya shaba inayeyuka majini na inakimbia. Changamano lisilo na chaji, lenye pete za kaboni, linajivuta au linaganda pale pale chini ya kidiski. Kwa hiyo duara dogo halimaanishi unyonge, na ndiyo maana MIC, yaani kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua, inatakiwa.

Chukua sahani ya vishimo 96. Punguza nusu kwa nusu kwenye mchuzi, kila kishimo kiwe na bakteria laki tano kwa mililita, na DMSO isizidi asilimia 1, au 2 ikiwa umeonesha kuwa kiasi hicho hakiwadhuru. Sasa piga hesabu: ukianza na milimoli 10 na DMSO asilimia 2, kiwango chako cha juu kabisa ni mikromoli 200. Kama bakteria bado wanakua hapo, andika "zaidi ya 200" na usiongeze DMSO ili upate namba.

Changamano la kijani linafanya ukungu wa bakteria usionekane vizuri. Baada ya saa 18 tia resazurini kidogo kila kishimo na subiri: panapogeuka waridi pana uhai, panapobaki buluu hapana. Weka vishimo vya changamano bila bakteria pembeni, maana metali na ligandi zinaweza kuichezea rangi hiyo. Vishimo vya buluu chukua tone upake kwenye agari safi. Wakiota, changamano liliwazuia tu, halikuwaua.

Hatua ya 10: Kuandika

Kwenye jadweli weka safu ya mchanganyiko usiotengenezwa karibu na safu ya changamano, na vipimo viwe kwa mikromoli. Ripoti marudio yote, angalau matatu ya siku tofauti, si lile lililopendeza.

Karibu kila makala ya fani hii ina aya moja inayonakiliwa: kwamba ukamataji unapunguza polari ya metali, changamano linapenda mafuta, na kwa hiyo linapenya utando. Huitwa "dhana ya Overtone". Jina lake ni Overton, Ernest Overton, aliyechunguza upenyaji wa seli mwishoni mwa karne ya 19, na ukiliandika vibaya mtahini anajua umenakili. Dhana yenyewe inaweza kuwa kweli, ila ni jambo la kupimwa: pima mgawanyo wa changamano kati ya oktanoli na maji, kisha ndiyo uiandike. Kama S. aureus amedhurika na E. coli hakudhurika, utando wa nje wa E. coli ni maelezo ya kwanza ya kufikiria, lakini si ya pekee.

Na usilinganishe na siprofloksasini kwa kusema "karibu sawa". Hailingani, na hakuna anayetegemea ilingane.

Taka

Sahani na vishimo vyote virudi kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa nusu saa au zaidi, kabla ya kutoka chumbani. Maji yenye shaba na zinki usiyamwage sinki. Shaba kidogo inatosha kuwadhuru viumbe wa baharini, na mwamba wetu ni wa matumbawe, unaopitisha kila kitu hadi kwenye maji ya ardhini. Yakusanye kwenye dumu moja. Maji ya kuoshea yenye asetati tilia magadi ya kufulia mpaka metali itue kama kabonati, chuja, kausha mashapo, na uyakabidhi kwa msimamizi wa maabara yakiwa na lebo ya metali, uzito na tarehe. Mabaki ya DMSO na changamano yenyewe magadi hayayavunji. Yawe kwenye dumu lake, lebo yake, yasichanganywe na ya bakteria.